Aliyeyarudishia Mabampa Weusi Wake

Tarehe 30 Juni, Shangazi wa kitengo cha umaliziaji anastaafu rasmi baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika gereji yetu. Karibu miaka yote hiyo alifanya kazi moja: kurudisha weusi wa plastiki za nje za magari yaliyozeeka. Waliodhani hiyo ni kazi ndogo walikaribishwa kuijaribu. Wengi wao siku hizi wanafanya kazi nyingine, na tunasikia wanaendelea vizuri.

Kamati ya kumuaga ilimteua fundi rangi kuandika wasifu huu kwa sababu kibanda chake na cha Shangazi vimetenganishwa na pazia la turubai tu. Kamati ilidhani ujirani huo umezaa urafiki. Umezaa mambo mengi. Wiki haikupita bila Shangazi kulifunua pazia, kunyoosha kidole kwenye bampa lililodondokewa na vumbi la rangi kutoka upande wa pili, na kurudi kwake bila kusema neno. Maneno aliyatunza mpaka wakati wa chakula cha mchana, watu wakiwa wengi.

Kwa waalikwa ambao hawajawahi kulitazama gari zaidi ya pale mlango unapofungukia, maelezo mafupi yanahitajika. Bampa, matao ya magurudumu, mikanda ya milango na ile plastiki ndefu iliyo chini ya waipa hutoka kiwandani vikiwa vyeusi tii. Jua likivipiga miaka kadhaa, vinapauka na kushika rangi ya majivu. Hapo hata bodi ipakwe rangi nzuri namna gani, gari linabaki kama bwana harusi aliyevaa suti na kandambili. Mwandishi wa wasifu huu anaishi kwa kupaka bodi, kwa hiyo anakiri hili shingo upande.

Shangazi alikuwa na utaratibu wake, na njia ya mkato haikuwemo. Gari liingie kivulini kwanza, plastiki ipoe. Kisha sabuni na brashi, mpaka maji yanayotiririka yawe safi. Kisha mswaki, kwa ajili ya ile nta nyeupe inayoganda kwenye mikwaruzo ya plastiki baada ya waosha magari wenye haraka kupita. Kisha spiriti, ili kuondoa mafuta ambayo mwenye gari ameapa kwamba hakuyapaka. Kisha tepu ya karatasi kuzunguka pote, dawa kidogo kwenye sponji, safu nyembamba, subiri, safu nyingine. Kazi yote hii aliifanya akiwa amepiga magoti kwenye kipande cha zulia. Mwisho alipitisha kitambaa cheupe, na kikitoka na weusi alianza upya bila kulalamika. Mteja alilalamika kwa niaba ya wote wawili.

Maadui zake walikuwa wawili. Wa kwanza ni mafuta ya kupikia. Yupo bwana mmoja aliyeyapaka gari zima. Lilimeremeta asubuhi, na kufika mchana lilikuwa limebeba vumbi la barabara nzima. Mbwa wa mtaani kwake walilisindikiza mpaka getini kwetu, wakakaa kusubiri.

Adui wa pili, na huyu ndiye mkubwa, ni polishi ya viatu. Shangazi alikuwa akisema polishi haiingii kwenye plastiki, inakaa juu tu. Mvua ikiigusa, inashuka yote milangoni. Mtu akiegemea, anaondoka na nusu ya gari mgongoni. Wateja waliokiri kutumia polishi walihudumiwa. Waliokana walihudumiwa pia, baada ya hotuba ndefu kidogo ambayo wengi wetu tunaijua kwa moyo.

Alianza hapa kama mwosha magari. Meneja wa wakati ule alimuuliza, kwa ukali, mbona magari yakitoka kuoshwa bado yanaonekana machafu. Shangazi alimjibu kwamba ni safi, ila yamezeeka midomo. Meneja alidhani anatukanwa. Ilibidi atolewe nje, asimamishwe mbele ya bampa moja lililopauka upande mmoja na kurudishiwa weusi upande wa pili, ndipo akaelewa. Kitengo cha umaliziaji kilianzishwa siku ileile, kikiwa na mtumishi mmoja, ndoo, na hicho kipande cha zulia.

Mafanikio yake ni mengi, na mengine yametuletea usumbufu. Mteja mmoja alikuja kuchukua gari lake, akazunguka uani, akampita Shangazi, akalipita gari, kisha akaenda kumwambia mlinzi kwamba gari lake limeibwa. Mwingine alilileta lake lipendezeshwe kwa ajili ya kuuzwa. Alipoliona limekwisha, aliingia, akawasha, akaondoka zake, na mnunuzi tukabaki naye sisi. Tulimpa kiti.

Kuna pia suala la fundi umeme, ambaye ameomba asitajwe. Siku moja Shangazi akiwa likizo, fundi huyo alisikia kwamba plastiki iliyopauka ikipigwa joto weusi wake hurudi wenyewe. Ni kweli, hurudi. Alichukua bunduki ya hewa ya moto na kulipiga bampa la mbele, likawa jeusi la kupendeza sana. Akaongeza kidogo ili liwe jeusi zaidi. Bampa lililegea likaning'inia kama mdomo wa mtu aliyenyimwa. Shangazi aliporudi alilitazama, akauliza nani mwenye nalo, na tangu siku hiyo bunduki ya hewa inakaa kwenye kabati lake na ufunguo shingoni mwake.

Haya yote yasiwafanye mdhani alikuwa mtu mkavu. Mwandishi alipolazwa kwa ugonjwa wa mapafu, Shangazi alifika kila saa ya kutazama wagonjwa. Aliketi, akafungua supu, akaanza kutoa taarifa ya mabampa yaliyoharibiwa na fundi rangi wa muda, moja baada ya jingine. Mgonjwa alipata nafuu mapema kuliko madaktari walivyotegemea. Wakati ule hakumshukuru, kwa hiyo anamshukuru hapa.

Sasa tuje kwenye jambo la aibu, ambalo gereji nzima inalijua na Shangazi mwenyewe ameruhusu liandikwe. Gari la nyumbani kwake lilikuwa limepauka kuliko gari lolote lililowahi kuingia hapa. Ni gari dogo jeupe, kuukuu, na plastiki zake zilishafika rangi ya majivu zikaipita. Mwenye funguo ni mumewe, fundi viatu, ambaye mtaa mzima unamwita Mzee Soli, naye alikataa katakata mkewe asiliguse. Shangazi aliomba. Alibembeleza. Alinuna, na anajua kununa. Jibu halikubadilika: gari ni zee, liachwe lionekane zee. Basi fundi wa weusi anayetegemewa na mji mzima akawa anashushwa kila asubuhi nyuma ya duka la vipuri, kwenye kona, wateja wasije wakamwona anatoka mle ndani.

Tulipoanza kupanga hafla hii, tulimuuliza angependa zawadi gani. Alisema hataki zawadi. Alitaka kitu kimoja tu: siku ya kuagwa ashuke getini mchana kweupe, kutoka kwenye gari la kwao, likiwa na weusi wake. Alilisema hilo kwa sauti ya chini, huku akikunja kitambaa ambacho kilikuwa kimeshakunjwa. Tulielewa kwamba hatanii.

Kamati ilituma ujumbe wa watu watatu kwa Mzee Soli. Walipokelewa vizuri, wakapewa vigoda, wakazungumza naye kwa heshima zote za shemeji. Walirudi na viatu vilivyoshonwa barabara na bila jibu. Tukamwambia Shangazi kwamba mazungumzo yanaendelea, naye akatuangalia kama anavyowaangalia wateja wanaosema hawakupaka chochote.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi uliopita, mvua ilinyesha tangu asubuhi. Karibu na saa ya kufunga kazi, gari jeupe likapita kona ya duka la vipuri bila kusimama, likaingia mpaka ndani ya geti. Akashuka Mzee Soli, amevaa shati la kutokea. Mabampa yalikuwa meusi. Kwa usahihi zaidi, yalikuwa meusi yalipotoka nyumbani. Alikuwa ameyapaka polishi ya viatu, kwa brashi ya viatu, akayasugua kwa kitambaa cha viatu, la mbele na la nyuma, kama jozi. Mvua ilikuwa imeteremsha weusi wote kwenye milango, na gari lilionekana kama mtu aliyelia na wanja machoni. Mzee Soli alisimama pembeni yake akisubiri, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyemaliza kazi kubwa.

Shangazi alikuwa bado ndani anavua ovaroli. Fundi umeme, kwa adabu, akamuuliza mzee kwa nini hakuwaachia wenye kazi yao. Mzee Soli alitazama viatu vya fundi umeme, kama kawaida yake akizungumza na watu, akasema: "Huyu ameyapigia magoti mabampa ya watu maisha yake yote. Na la kwangu nalo aje alipigie magoti?"

Kumbe ndiyo ilikuwa sababu, miaka yote ile. Yale ya uzee wa gari yalikuwa kisingizio. Fundi umeme akakumbuka kwamba ana waya wa kuunganisha mahali. Mwandishi wa wasifu huu aliingia nyuma ya pazia kufanya shughuli ambayo haikuwepo, kwa sababu machozi yalikuwa yamemlenga na haikuwa na maana kuyaonyesha.

Shangazi alipotoka, gereji nzima ilijikuta ina kazi ya kufanya karibu na geti. Tulikuwa tunaijua hotuba ya polishi, na tulimwonea huruma mzee wa watu. Shangazi alisimama. Akalizunguka gari taratibu, kama alivyolizunguka kila gari lililowahi kupita mikononi mwake, ila safari hii hakupiga magoti. Akapitisha kidole kwenye bampa la mbele. Kidole kikatoka cheusi, naye akauficha mkono nyuma ya mgongo. Mvua ilikuwa inaendelea kunyesha na hakuna aliyejali.

"Umeipatia, mzee wangu," alisema.

Huo ndio uongo pekee wa kikazi ambao Shangazi amewahi kuusema katika gereji hii, na aliusema mbele ya mashahidi wote bila kupepesa macho. Kisha akaegemea mlango ili aingie, akiwa na gauni lake la rangi ya maziwa, akaketi, akafunga mkanda. Mzee Soli akaliondoa gari kwa mwendo wa pole, akipiga honi ambayo haikuwa na sababu. Gauni hilo halijazungumziwa tangu siku hiyo.

Jumatatu tulijitolea. Tulimwambia kwamba tunaweza kulichukua gari kwa siku mbili, tuioshe polishi yote, tufuate utaratibu wake mwenyewe kuanzia kivuli mpaka kitambaa, na mzee hatajua tofauti. Dada wawili wanaorithi kitengo chake walikuwa wameshaandaa tepu. Shangazi alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema atakayelisogelea gari lile na sabuni atamjua yeye ni nani. Tunamjua. Tepu ikarudishwa.

Kwa hiyo waalikwa wanaarifiwa kwamba siku ya hafla gari dogo jeupe litaingia getini na kuegeshwa mbele kabisa, mahali palipotengwa kwa mgeni rasmi. Tunaomba msiliegemee.

Kwa niaba ya mafundi, mameneja waliokuja na kuondoka, mlinzi, na mteja yule anayeamini mpaka leo kwamba tulimbadilishia gari, tunamshukuru Shangazi kwa kila plastiki aliyoipa heshima yake. Vibanda vyetu vitakuwa kimya. Mwandishi tayari ameanza kujifunikia mwenyewe mabampa ya jirani kabla ya kupuliza rangi, na hakuna wa kumwona anavyofanya vizuri, jambo ambalo linamsikitisha kuliko alivyotarajia.

Habari za mwisho tulizonazo ni hizi. Polishi haidumu, na kila mvua ikipita Mzee Soli hulazimika kuanza upya. Waliopita nyumbani kwao Jumapili walimkuta amepiga magoti mbele ya bampa, brashi mkononi, akisugua. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kiti kivulini, kikombe cha chai pembeni, mikono yake miwili imetulia mapajani. Wageni walimsalimia. Hakunyanyuka.

Shangazi, tunakutakia afya njema, kiti imara, na mvua za kutosha.