Cheti Kilichotoka Kambini

Mheshimiwa Konseye, kiongozi wa sekta yetu ya Rwezamenyo. Shehe wetu pamoja na wazee wa msikiti. Mwalimu Melchior na walimu wenzako mlioacha kazi zenu kuja kutushika mkono. Mafundi wenzangu wa cherehani. Majirani wa hapa na wa Nyakabanda. Nawe Bwana Révérien, uliyekwenda kukaa kule nyuma karibu na mlango ingawa nilikuwekea kiti hapa mbele: nawasalimu nyote kwa heshima, kila mmoja kwa cheo chake na kwa umri wake.

Mheshimiwa Konseye ametuomba tuwe tumetawanyika kabla ya saa kumi na mbili, na sote tunajua kwa nini. Tangu mkataba wa amani utiwe saini mwezi uliopita, tunaambiana kwamba vita vimekwisha, kisha tunawahi nyumbani kufunga milango. Kwa hiyo sitawachosha. Lakini nina jambo moja ambalo nisipolisema leo sitapata tena nafasi ya kulisema, na ninaomba mnivumilie mpaka nilifikie.

Kwa wasionijua, mimi ni Zaina Mukandekezi, fundi wa nguo za kike. Binti huyu aliyeinamisha kichwa ni Umuhoza, mtoto wa marehemu dada yangu. Baba yake alitangulia, mama yake akafuata, na mtoto akaletwa kwangu kutoka Byumba akiwa na miaka tisa, ana nguo aliyovaa na daftari moja la hesabu. Mungu hakunijalia mtoto wa kuzaa. Huyu ndiye wangu. Keshokutwa Jumatatu anapanda ndege kwenda Ubelgiji, kusomea ufamasia.

Mnapiga makofi, na mna haki. Lakini je, mnajua alivyoipata hiyo viza?

Mwalimu Melchior ndiye aliyeanza. Alimfundisha kemia, akaandika maombi ya chuo kwa mkono wake, akatafuta ufadhili wa masista, na jibu la kukubaliwa lilipofika mwezi wa tano alikuja nalo dukani anakimbia, mtu mzima na tai yake shingoni. Tulicheka, tulilia, nikachoma sketi ya mteja kwa pasi. Kesho yake tukaenda ubalozini, tukapewa karatasi yenye orodha ya vitu vinavyotakiwa. Pasipoti. Picha nne. Barua ya daktari. Barua ya chuo. Cheti cha kuzaliwa kilichotolewa na komini, ofisi ya serikali ya mahali alikozaliwa.

Hivyo vingine tulivihangaikia tukavipata. Lakini komini ya kwao ilikuwa wapi? Watu wote waliikimbia mwezi wa pili vita vilipofika, ofisi imebaki tupu, na njia ya kwenda huko imefungwa. Nikarudi dirishani ubalozini nikamweleza yule mama wa kupokea mafaili. Alinisikiliza vizuri, sina la kumlaumu. Akaniambia, "Mama, nimekuelewa. Lakini bila cheti hicho faili halisogei, na mwisho wa kupokea ni Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa nane."

Nikauliza ofisi hii, nikauliza ofisi ile. Jibu likawa moja: rejesta, kile kitabu cha waliozaliwa, ikipatikana, cheti kitapatikana. Mtu anapokuambia hivyo huku akifunga droo yake, unajua amekuaga.

Ndugu zangu, wiki zile sikulala. Kila nilipokaa kwenye mashine niliiona ile Ijumaa inakuja. Umuhoza naye akawa anafagia duka mara tatu kwa siku.

Basi siku moja akaja mteja, mwanamke wa kaskazini aliyekuwa kambini Nyacyonga pamoja na wale maelfu waliohamishwa na vita. Alitaka sketi yake ipunguzwe kiuno, kwa sababu alikuwa amekonda. Nikimpima, tukazungumza, nikamwambia shida yangu. Mara akaanza kucheka. Akasema, "Katibu wa komini hiyo tuko naye kambini. Siku tuliyokimbia, watu walibeba magodoro, wengine mbuzi. Yeye kichwani ana mzigo umefungwa kwenye mkeka. Tukadhani ni redio. Tulipofika tukaona ni vitabu! Mpaka leo tunamwita Bwana Vitabu."

Sikumaliza kumpima.

Asubuhi iliyofuata nikaenda na Umuhoza, tukapanda pikapu ya muuza viazi. Kwenye bariyeri, kizuizi cha barabarani, askari walituteremsha. Mmoja akachukua vitambulisho, changu akakirudisha upesi, cha Umuhoza akakaa nacho. Alikisoma, akamtazama usoni, akakisoma tena, na hasa ule mstari wa kabila, ambalo mtoto hulirithi kwa baba yake, nami sitalitaja hapa. Akauliza, "Huyu anakwenda kambini kufanya nini?" Nikasema, "Anatafuta cheti chake cha kuzaliwa." Akasema, "Hajui kama alizaliwa?" Wenzake wakacheka, nasi tukajilazimisha kucheka. Tukaruhusiwa.

Kambi ya Nyacyonga wengine mmeiona. Sina maneno ya kuielezea, na waliomo hawahitaji huruma ya maneno. Tulielekezwa kwenye kibanda cha majani chenye turubai juu, tukamkuta mke wa katibu huyo, Vestine, anapepeta maharagwe. Nilipomwambia tunatafuta rejesta aliniangalia kwa uchovu. "Dada, godoro langu lilibaki nyumbani kwa ajili ya vitabu hivyo. Nalala chini. Vitabu ndivyo vinalala juu ya mbao. Muulizeni mwenyewe, huyo anakuja."

Bwana Révérien, naomba usimame watu wakuone. Haya, usione aibu. Asante. Unaweza kukaa.

Huyu ndiye aliyekuja siku ile, amevaa koti hilo hilo. Akatuuliza jina la mtoto, jina la baba, kilima cha kwao, mwaka wa kuzaliwa. Tukasema sabini na nne. Uso ukamshuka. Akasema, "Mama, rejesta zilikuwa zinajaza kabati mbili. Mimi nina kichwa kimoja. Nilibeba za miaka ya themanini mpaka sasa, nikafikiria watoto walio shuleni. Ya sabini na nne niliiacha."

Umuhoza akageuka akaanza kutembea kurudi barabarani. Nami nilisimama pale kama mtu aliyepigwa. Kisha nikamkumbuka shemeji yangu. Wazee wa kwao wanajua jinsi mtu yule alivyokuwa mzito wa kushughulikia mambo. Shamba alipalilia mwisho, paa aliezeka mvua imeshaanza, na mtoto hakumwandikisha hata kidogo mpaka shule ilipomkataa. Dada yangu aliniandikia barua nzima ya kulalamika. Nikamwuliza Révérien, "Mtoto aliyechelewa kuandikwa, anaandikwa kitabu gani?"

Akasema, "Cha mwaka alioletwa."

"Basi tazama cha mwaka wa themanini."

Nikamwita Umuhoza arudi, tukaketi chini wote watatu. Kurasa nyingine zilikuwa zimeshikana kwa mvua, akazitenganisha kwa wembe, polepole. Na ukurasa ulipopatikana, Umuhoza hakutazama jina lake. Aliweka kidole chini kabisa, kwenye sahihi ya baba yake. Hakuwahi kuuona mwandiko wake. Alisema tu, "Kumbe alikuwa anaandika vizuri."

Katika rejesta hizo kuna nafasi ya kabila pia. Révérien aliisoma. Nyakati mnazijua, na mle kambini watu walikuwa na machungu yao. Nilimtazama mdomo nikisubiri abadili sauti. Hakubadili. Akasema, "Cheti nakuandikia sasa hivi, lakini muhuri sina. Upo mjini, kwenye ofisi inayogonga kwa niaba ya komini zetu, na wao watataka kuiona rejesta yenyewe. Rejesta haitoki mikononi mwangu. Kwa hiyo nitakuja nayo mimi."

Akaja. Alitembea kutoka Nyacyonga mpaka mjini na kitabu kichwani kimefungwa kwenye mkeka ule ule. Kwenye bariyeri wakamwuliza amebeba nini. Akajibu, "Watu." Wakamfungulisha mzigo, wakaona majina tupu, wakamwacha apite. Alikaa nasi kwenye foleni siku mbili, kitabu kiko magotini, na Alhamisi saa nane mchana, ikiwa imebaki siku moja tu, muhuri ukagongwa. Nilipomwuliza nimpe nini, alisema angependa kujua kama mtoto atakwenda.

Sasa nafika kwenye jambo langu.

Faili lilipokelewa, tukaambiwa tungoje barua ya kuitwa kwa mahojiano. Mnakumbuka mwezi huu ulivyoanza. Mnakumbuka guruneti iliyolipuka, na yale yaliyokuwa yakisemwa mabarazani, nani ataondoka na nani atabaki. Kila jioni Umuhoza aliniuliza, "Mama, hakuna barua?" Kila jioni nikamwambia, "Hakuna." Na kila jioni nilimwona anarudi kwenye ufagio.

Barua ilikuja siku ya Jumatatu. Nilikuwa peke yangu dukani. Niliifungua, nikaisoma, inasema aje Alhamisi saa mbili asubuhi. Nikaikunja, nikaiweka kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo.

Naona mnatazamana. Tazamaneni. Mimi niliyeteremshwa bariyeri, mimi niliyekaa kwenye vumbi la kambi, niliificha barua ile kwa mikono yangu. Niliogopa. Nilijiambia, Alhamisi ikipita, mtoto atabaki, tutashona pamoja, na likitokea lolote litatukuta tuko wawili. Jumatatu jioni aliniuliza, nikamwambia hakuna. Jumanne jioni aliniuliza, nikamwambia hakuna. Je, mama ni mtu wa namna gani anayeweza kusema hivyo na kisha akapakua chakula?

Jumatano adhuhuri akatokea Bwana Révérien, viatu vyeupe kwa vumbi. Sikumtarajia. Akasimama pale mlangoni akasema, "Nimepita kuuliza tu. Mtoto ameitwa?" Umuhoza alikuwa anapiga pasi nyuma yangu. Mtu huyu alitembea njia yote ile, hana mlango wa kufunga wala godoro la kulalia, ili aulize habari za mtoto asiye wake. Nikasema, "Ngoja." Nikavuta droo.

Umuhoza aliipokea barua. Alitazama muhuri wa tarehe kwenye bahasha, akanitazama mimi, na akamwambia Révérien kwa sauti ya kawaida kabisa, "Imechelewa njiani."

Mwanangu, inua uso. Haikuchelewa njiani. Ilichelewa kwangu. Ulijua, ukanisitiri mbele ya mgeni, na mpaka leo hujanitajia. Mbele ya watu hawa wote, nakuomba radhi.

…

Samahani. Nisubirini kidogo.

Ya mahojiano ni mafupi. Alhamisi nilibaki nje getini. Alivyonisimulia, bwana wa ubalozini alimwuliza maswali ya masomo, akajibu. Kisha akamwuliza, "Nitajuaje kama utarudi?" Akasema, "Nimemwacha mama yangu nje." Yule bwana akafunua faili, akasema, "Hapa imeandikwa mama yako amefariki." Umuhoza akamwambia, "Huyo ni aliyenizaa. Aliye nje tangu alfajiri ni aliyenilea. Ukichungulia dirishani utamwona, hajui aweke wapi mikono." Na kweli, niliona pazia linasogezwa. Siku nane baadaye viza ikatoka.

Kwa hiyo, Mwalimu Melchior, ahsante kwa kalamu yako na kwa mbio zako. Mheshimiwa Konseye, ahsante kwa kutia saini karatasi zetu bila kutuzungusha. Shehe wetu, ahsante kwa dua. Bwana Révérien na Mama Vestine, godoro liko pale ukumbini nyuma, jipya, limeshonwa na mafundi wenzangu wote. Msikatae. Pikapu ya viazi imekubali kulibeba.

Nawe, Umuhoza. Nakufahamu, na sasa unanifahamu. Najua kuna siku nyumba itakuwa kimya mno, au nitasikia mlio fulani barabarani, nami nitachukua kalamu nikuandikie kwamba naumwa, kwamba nimezeeka, kwamba uje mara moja. Nitaandika vizuri sana. Utalia ukisoma. Ndiyo maana nataka watu hawa wawe mashahidi, Konseye, Shehe, Mwalimu, wote: barua hiyo ikikufikia, usiitii. Ijibu, nitumie picha yako, kisha urudi darasani. Rudi ukiwa umemaliza. Kabla ya hapo, hata nikikuita kwa jina la mama yako, usije.

Saa inakwenda, na walinzi wa zamu wameshaanza kupita. Nendeni salama, wa Nyakabanda mfuatane. Nimesema yaliyokuwa yakinilemea, nanyi mmenisikiliza mpaka mwisho bila mtu kunikatiza. Kwa hilo nawashukuru sana.