Waliosema Hawakumkuta Mtu

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyenitoa katika tanzi nililokuwa nimejivika mwenyewe! Nawaandikia kwa Kiswahili nilichokiokota miaka niliyokaa Unguja, maana kwetu Mahajanga, Madagaska, tunasema Kimalagasi na Kikomoro. Nikiteleza, nivumilieni.

Mimi ni mtu wa kuogopa barua. Mwishoni mwa miaka ya sabini, nikiwa mtoto, watu wa asili ya Komoro walishambuliwa na kuuawa mjini kwetu, tukakimbilia kisiwa cha Nosy Be. Baba alitufundisha kwamba barua ya ofisi haingoji, ukichelewa kuijibu umekwisha. Hofu ile nikakua nayo. Nimerudi Mahajanga, mtaa wa Mangarivotra, nimekuwa bibi mwenye wajukuu, lakini nikiona neno "haraka" natii kabla macho hayajamaliza kusoma.

Sasa, mama yangu yuko kitandani mwaka wa tatu huu, miguu haimchukui. Mgongo ukaanza kutoka vidonda. Daktari akasema apate godoro la hewa, na hapa mjini halikuwepo. Mdogo wangu Saidi, mpishi wa hoteli kule Ambatoloaka, Nosy Be, akanipa namba za kadi yake ya benki niagize kwenye duka la mtandaoni la Antananarivo, mji mkuu, linaloleta mpaka mlangoni. Nikaagiza, tukangoja.

Siku ya nne ikaingia barua pepe kwenye simu yangu. Nembo ya duka, rangi zile zile, Kifaransa kimenyooka. Ilisema: "Mteja mpendwa, jana tulifika nyumbani kwako, hatukumkuta mtu. Thibitisha kadi yako ndani ya saa mbili, la sivyo mzigo utarudishwa."

Ndugu zangu, nilikufa moyo. Jana yake nilikuwa nimetoka kidogo kufuata sabuni. Nikajiambia, mama ataoza mgongo kwa ajili ya kipande cha sabuni. Nikabonyeza pale waliponielekeza, nikajaza namba za kadi ya Saidi zote, kikabaki kidole kimoja tu kutuma.

Kitanda cha mama kiko sebuleni, karibu na mlango. Akanisikia nikihema.

"Una nini, mwanangu?"

"Godoro lako lililetwa jana, mama. Nilikuwa dukani. Wamesema hawakumkuta mtu."

"Jana aliyepiga hodi ni muuza samaki, kisha mke wa jirani. Wote niliwaitikia. Hao wengine waliingia mlango gani?"

"Mama, wameandika hapakuwa na mtu."

"Na mimi je, si mtu?"

Wallahi, kidole kiliganda. Nyumba yetu haijawahi kukosa mtu kwa miaka mitatu! Nami niliamini barua ya nisiowajua, nikamsahau mama aliye mbele yangu. Niliona haya, nikalia.

Hapo ndipo nikasoma kwa macho yaliyotulia. Jina langu halikuwemo, wala namba ya oda. Anwani ya mtumaji ilikuwa mkururo wa herufi usiohusiana na duka. Nikafunga ukurasa ule, nikalifungua duka mwenyewe, kama siku ya kuagiza. Mzigo ulikuwa bado Antananarivo, haujatoka ghalani. Saidi nilipompigia hakucheka, na si kawaida yake. Mpishi mwenziwe alipata barua kama hiyo akatuma namba za kadi yake, na mshahara wake ukaenda. Siku hiyo hiyo Saidi akaomba benki imbadilishie kadi, kwa tahadhari.

Kama wewe ulishatuma, usijifiche kwa aibu. Piga simu benki sasa hivi, kisha waambie wenzako. Wezi hawa hawatafuti wajinga, wanatafuta wenye hofu, na nani kati yetu hana yake? Barua ikikuharakisha, iache ingoje. Mwombe Mungu utulivu, muulize mtu wa nyumbani, kisha nenda dukani kwa njia unayoijua wewe. Mtegemeeni Yeye, ndugu zangu, kwani mimi alinijibu kwa kinywa cha mgonjwa niliyedhani ndiye wa kuokolewa.

Godoro lilifika wiki iliyofuata. Nilikuwa uani nikianika nguo, nikasikia mtu akipiga hodi barazani. Kabla sijafuta mikono, mama alishaitikia kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu awe wa kitandani:

"Karibu! Watu tupo."