Vichwa Mia vya Kiungo Balz Zentner

Mchungaji, Madlen na watoto, majirani wa Matt na wa bonde zima la Sernf, na ninyi mliocheza naye mkaja kutoka mbali katika theluji hii, aliyesimama mbele yenu ni Rosina Zentner, dada wa marehemu, ambaye wengi wenu aliwafundisha hesabu, na familia imemtuma asome maisha ya mdogo wake kama yalivyokuwa, bila kuyaremba. Karatasi hii inamtaja Rosina kwa jina kama inavyowataja wengine, kwa sababu akianza kusema "mimi" hatafika mwisho.

Balz alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 1961 hapa Matt, jimbo la Glarus, mtoto wa pili na wa mwisho wa Heinrich Zentner, mfugaji wa ng'ombe saba, na mkewe Katharina. Alizaliwa mdogo, akabaki mfupi, na ufupi huo ulimkera baba kuliko ulivyomkera yeye mwenyewe.

Alisoma shule ya msingi hapa Matt kuanzia mwaka 1968, akaendelea na sekondari mpaka mwaka 1977, kisha akajifunza useremala Schwanden kwa miaka mitatu, kwa kuwa baba alimwambia waziwazi, "Mpira ukikutupa utakula nini, nyasi?" Lakini ni baba huyohuyo aliyemtia mpira kichwani, na hapa tunasema kichwani kwa maana yake halisi. Aliamini kwamba kiungo mfupi ataibiwa kila mpira wa juu, basi akatundika mpira wa ngozi kwenye boriti ya ghala la majani makavu, mpira ambao ulinyonya unyevu ukawa mzito kama jiwe, na kila jioni baada ya kukamua Balz alipaswa kuupiga kwa kichwa mara mia ndipo aingie ndani kula. Rosina aliketi kwenye kigoda cha kukamulia akihesabu kwa sauti, maana baba alikuwa zizini na alitaka kusikia namba.

Jioni moja ya Februari mwaka 1972, Balz akiwa hajatimiza hata miaka kumi na mmoja, paji la uso limemwiva na harufu ya makaroni ya mama yenye jibini yetu ya kijani, ile ya majani ya kunukia, imeshafika ghalani, alimgeukia dada yake akanong'ona, "Dada, ruka hata kumi. Baba hatajua."

"Siwezi. Uongo ni uongo."

"Kumi tu, Rosina! Kichwa kinavuma."

"Umefika sitini na tatu. Endelea."

Akaendelea huku analia, na Rosina, aliyekuwa na miaka kumi na minne, akahesabu kila kimoja mpaka mia, akaingia ndani akijiona mtu mwaminifu. Kwa miaka sita hakuruka hata namba moja, wala hakuna aliyewahi kumlaumu kwa hilo, na hiyo ndiyo adhabu yake.

Mwaka 1981, baada ya kumaliza mafunzo ya jeshi, Balz alisaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa na klabu ya mjini ambayo haina haja ya kutajwa hapa, akaichezea misimu kumi na miwili, mechi mia tatu na kumi na moja, mabao kumi na tisa, na timu ya taifa ikamwita mara tisa. Kazi yake ilikuwa kusimama katikati ya uwanja na kuupokea kwa kichwa kila mpira ambao kipa wa upande wa pili aliupiga mbali, na gazeti moja liliandika kwamba Zentner anajua kila mtu alipo bila kugeuka kumtazama. Baba alilikata gazeti hilo akalibandika ghalani, karibu na kamba ya ule mpira.

Tarehe 6 Juni 1987 alimwoa Madlen Hefti wa Schwanden katika kanisa hilihili, wakapata watoto wawili, Jost aliyezaliwa mwaka 1989 na Salome aliyezaliwa mwaka 1992. Katikati ya ndoa na mtoto wa kwanza ilikuja fainali ya kombe, Jumatatu ya Pentekoste mwaka 1988, ambapo Balz aligongana vichwa na beki dakika ya ishirini, akashonwa nyuzi sita pembeni mwa uwanja akarudi kucheza mpaka filimbi ya mwisho, na katika chumba cha kubadilishia nguo akauliza, "Jamani, tumeshinda?" Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Kombe lilikuwa mapajani mwake.

Alistaafu mwaka 1993, akarudi Matt, akafungua karakana ya useremala, na madirisha ya nyumba nyingi mnazokaa ni kazi ya mikono yake.

Sasa tunafika pagumu. Mnayajua mashindano ya kijiji ya kila kiangazi, ambapo wauza nyama hucheza na walimu na anayefungwa hununua bia, na wengi wenu mlikuwepo Jumamosi ile ya Agosti mwaka 2013, Balz akiwa na miaka hamsini na miwili, akiwachezea wauza nyama. Kipindi cha pili timu zilikuwa zimeshabadilishana magoli, Balz akapokea mpira katikati, akageuka vizuri kama zamani, akawapita wawili wa timu yake mwenyewe, akauingiza kwenye kona ya chini ya lango lao wenyewe, kisha akainua mkono kushangilia. Kipa wake, Jakob muuza nyama, akapaza sauti, "Wewe Balz, umehamia kwa hao lini?" na uwanja mzima ukaangua kicheko, hata Balz akacheka. Lakini alipokuja pembeni kunywa maji alimsogelea dada yake, akauliza polepole bila kucheka, "Dada, tunashambulia wapi?"

Rosina alimwonyesha kwa kidole. Hakumwambia Madlen. Sisi watu wa bonde hili tumelelewa kutoingia nyumbani kwa mtu bila kuitwa, tunauita huo ustaarabu, na ustaarabu huo ulimpotezea Balz miaka miwili na nusu, mpaka tarehe 17 Februari 2016 daktari alipoiambia familia kwamba ubongo wake unasinyaa na hakuna dawa. Madlen aliuliza kama ni mpira. Daktari akasema hakuna awezaye kuapa, lakini kichwa cha binadamu hakikuumbwa kwa kazi ile.

Madlen alihangaika naye, akabisha hodi kila mlango, hospitali tatu, na hata mzee mmoja wa milimani mwenye majani yake, na kila mara alirudi mikono mitupu. Balz alianza kutoka alfajiri na begi la viatu kwenda kungoja basi la posta, lile linalobeba abiria wa bonde, akisema kocha atamweka benchi akichelewa, na Fridolin dereva alimpandisha, akaenda naye hadi Elm, mwisho wa njia, na kumrudisha, akimwambia, "Mazoezi yameahirishwa leo, bwana Zentner, uwanja umejaa maji." Machi mwaka 2021 alihamia kituo cha wagonjwa. Akawasahau watoto, akamsahau Madlen, na tulimwomba Mungu mambo ambayo hayafai kusomwa kanisani.

Mwezi wake wa mwisho alikuwa akiinua kichwa kutoka kwenye mto na kukirusha mbele, tena na tena, jasho likimtoka, na wauguzi hawakuelewa. Rosina alielewa. Alhamisi tarehe 9 Novemba mwaka huu wa 2023, saa nane mchana, mapafu yameshajaa maji, Balz alimwona dada yake akasema kwa uwazi, "Bado ngapi?"

Rosina akavuta kiti, akaanza kuhesabu kwa sauti, kila kichwa na namba yake, kama ghalani. Alipofika arobaini na moja aliona pumzi ya mdogo wake haitoshi tena. Akasema, "Mia."

Balz akatulia, akamtazama. "Hujaruka?"

"Sijaruka. Ingia ndani, mama ameshapakua."

Akalaza kichwa chini, hakukiinua tena, na saa tisa kasoro dakika kumi akafariki dunia. Ameacha mjane, watoto wawili, na dada ambaye angeweza kusema neno hilo mwaka 1972.

Familia inawashukuru madaktari, na wauguzi waliomfuta jasho bila kuchoka, majirani waliomrudisha nyumbani kila alipopotea, Fridolin wa basi la posta, mafundi wa karakana, na wachezaji wenzake, ambao tunawaomba waende wakapimwe.

Pumzika, Balz. Vimebaki hamsini na tisa, na hivyo ni vya dada yako.