Picha Iliyotoka Chumba cha Wanawake

Shikamooni mama zangu, na nyinyi dada zangu, hamjambo. Kuna mlio ninaukumbuka hadi leo: kompyuta ya ofisi ya hoteli kule Diani ikipiga simu ili iingie kwenye mtandao. Ilikoroma, ikatoa sauti nyembamba kama sufuria inayokwanguliwa kwa kijiko, kisha kimya. Ndani ya kimya kile picha yangu ilikuwa inaondoka.

Mnanijua, ndimi nipigaye picha harusini, upande wa wanawake. Kamera yangu ni kuukuu, na nilikuwa nikiota mpya yenye lenzi ndefu. Niliamini nikiipata ndipo nitakuwa mpiga picha wa kweli. Karani mmoja wa hoteli, kijana wa bara, akaniambia, "Sistee, weka kazi yako kwa intaneti. Wazungu wakiona, utapigiwa simu mpaka uchoke."

"Na hiyo simu ninayo?"

"Watapigia mimi."

Tukacheka. Nikamchagulia picha nzuri kuliko zote aitie kwenye kompyuta: bi harusi siku ya kupambwa, baada ya alasiri, nywele wazi, hina hadi viwikoni, anacheka. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, mimi niliangalia mwangaza tu. Nilisahau kwamba mlango wa chumba kile ulikuwa umetiwa komeo, na hakuna mwanamume aliyekanyaga ndani.

Mumewe ni mhudumu wa hoteli nyingine. Wiki ya pili wenzake wakamwita ofisini kwao, mbele ya kompyuta. "Njoo umwone mkeo, bwana. Kumbe mzuri hivi." Siku ile ile bi harusi alirudishwa kwa mamake.

Sikulia. Nilichota maji, nikapika, nikaamkia watu, kama kwamba mikono ile ni ya mtu mwingine. Kamera niliifunga kwa leso nikaisukuma chini ya kitanda. Miezi mitatu hakuna aliyeniita harusini, na wala sikujali. Kutojali kule ndiko kulikokuwa kubaya.

Kisha shangazi wa yule bi harusi akaja kwetu. "Vaa buibui, mwanangu. Twende ukamwambie mwenyewe."

"Nitamwambia nini, shangazi?"

"Utajua ukifika. Ukikaa hapa utaoza."

Bi harusi aliniangalia kwa utulivu. "Angekuwa mwanamume mlangoni, ningejifunika," akasema. "Nilikuona ni wewe, nikaacha."

Nikamwomba radhi. Hapo ndipo nilipolia, na yeye akanipa pindo la leso yake nijifute. Baadaye shangazi alizungumza na mume, naye akaja kumchukua mkewe.

Namshukuru Mungu, namshukuru shangazi yule, na bi harusi aliyenisamehe. Hata yule karani namshukuru, aliiondoa picha mtandaoni siku ile ile niliyomwomba. Mtandao siuchukii, na kamera mpya bado naiota. Lakini siku hizi harusi ikiisha namkabidhi bi harusi picha na negativu zake zote, zile filamu zinazosafishiwa picha. Ikitoka moja, atakuwa ameitoa yeye.

Jambo moja sijamwambia mtu. Kabla ya kurudi kazini nilijifungia chumbani, nikavua mtandio, nikaweka kamera juu ya kabati ipige yenyewe, nikakaa mbele yake nikicheka kama yeye. Ilipolia ta, niliinuka, nikaenda nayo dirishani, nikafungua mgongo wake, jua likaingia kwenye filamu yote, likaiunguza.