Bibi Pindo na Nyimbo za Cherehani

Wasikilizaji wapendwa, leo tukae kidogo na Bibi Pindo. Fundi cherehani. Alishona sare za shule miaka arobaini na miwili, na miaka yote hiyo alishona akiimba. Jumatano ya wiki iliyopita alitutoka, akiwa na miaka themanini na mmoja.

Jina la Pindo alipewa na wateja. Ukimpelekea suruali iliyozidi urefu akukunjie pindo, hakupimi. Anakutazama miguu tu, anasema, "Pita saa kumi."

Mwaka huu alikuja mwanafunzi wa chuo, msichana mpole, akitafiti nyimbo za mafundi. Wenzake Bibi Pindo wa rika lake wote walikwisha kutangulia. Mwanafunzi akaona, huyu naye akiondoka, nyimbo zimekwenda.

Akaweka kinasa sauti mezani. "Bibi, naomba usimamishe cherehani kidogo, ina kelele." Bibi akaacha kukanyaga, akaimba. Wapi bwana. Maneno yalimpotea, ubeti wa pili ukaingia kabla ya wa kwanza kwisha. Mwanafunzi akaondoka mnyonge, akidhani bibi ameshasahau.

Aliporudi wiki ya pili, alisikia wimbo uleule tangu mlangoni, mzima kabisa, na cherehani inakwenda. Akaduwaa. Bibi akacheka sana. "Mjukuu wangu, ile uliyoizima ndiyo ngoma yenyewe."

Basi wakarekodi upya, cherehani ikikanyagwa. Nyimbo kumi na moja. Mwanafunzi akaahidi kuzileta Ijumaa, bibi ajisikilize. Jumatano bibi akafariki.

Alizileta msibani, macho mekundu. "Mama, nimechelewa," alimwambia binti wa marehemu. Mama huyu ana duka lake, na siku zote alisema nyimbo hizo hazijui. Kusema kweli, alikuwa akizionea haya. Akajibu tu, "Ziweke."

Mwanafunzi akawasha kinasa. Cherehani ikaanza. Sauti ya Bibi Pindo ikafuata. Ilipofika kwenye kiitikio, binti yake akaitikia. Aliitikia nyimbo zote kumi na moja, huku analia, na hakukosea hata neno moja.

Kwa binti huyo, kwa wajukuu, na kwa mafundi wote waliokaa naye chumba kimoja, poleni sana. Tumempoteza mtu.

Nawe msikilizaji, kama kwenu kuna mtu anayeimba akifua au akipika, sogea karibu umsikilize. Mama yangu mimi aliimba akipiga pasi. Nilikuwa namwambia apunguze sauti, nasikiliza redio.