Mama Mapaa na Makaravati Matatu

Wasikilizaji wapendwa, kama kuna sufuria jikoni, punguzeni moto kwanza, mje karibu na redio. Nina habari, nimeibana tangu asubuhi mpaka fundi mitambo wetu ananicheka.

Leo tunamkumbuka mhandisi wa mitaro ya mvua, mama yetu aliyetutoka Alhamisi iliyopita akiwa na miaka sitini na miwili. Mtaani aliitwa Mama Mapaa. Jina hilo alilipataje? Ngojeni.

Kazi yake ilikuwa hii: mvua ikinyesha kilimani, maji kiasi gani yatafika bondeni? Anaingiza kwenye kompyuta ramani, miteremko, aina ya ardhi, na programu inampa jibu. Jibu hilo ndilo linaloamua ukubwa wa karavati, yaani lile bomba la zege linalopitisha maji chini ya barabara.

Miaka kumi na moja iliyopita, barabara mpya ilipangwa kupita hatua chache tu chini ya zahanati ya wazazi. Maji yakikosa njia pale, yanarudi wodini. Kompyuta ikasema karavati moja linatosha. Akasaini. Shimo likachimbwa.

Jumapili moja akaenda kumsalimia dada yake huko kilimani, mvua ikawakuta barazani. Dada mtu anasimulia: "Alikuwa anakunywa chai, mara akaweka kikombe chini. Anakodolea mapaa ya majirani. Nikamuuliza, vipi wewe, umeona jini? Akasema, dada, mimi niliiambia kompyuta huku ni majani."

Majani, jamani! Ramani ilikuwa ya zamani, kabla nyumba hizo hazijajengwa. Kwenye majani maji mengi yanazama ardhini. Kwenye bati hayazami. Yanashuka yote, tena mbio.

Angeweza kunyamaza. Nani angejua? Jumatatu asubuhi yuko mlangoni kwa bosi. "Mkuu, simamisha kazi. Nimekosea."

"Mama, kompyuta imeshasema!"

"Imerudisha nilichoilisha mimi, mkuu wangu."

Akapewa barua ya onyo, na siku nne tu za kurekebisha. Siku nne hizo akazunguka kilima kizima na daftari, anahesabu mapaa. Bibi mmoja akadhani ni fundi bati: "Mwanangu, langu linavuja, hebu panda!" Na alipanda! Akapata mapaa elfu moja mia tatu na kumi na mawili. Akaongeza na ya watakaojenga baadaye. Akaingiza upya. Jibu: makaravati matatu. Siyo moja, matatu!

Yakajengwa. Na watu wakacheka weee, maana miaka yote hiyo yalikaa karibu makavu. Mumewe anasema: "Waliniambia, mzee, mkeo kawajengea mbuzi hoteli ya vyumba vitatu. Yeye anacheka nao. Hata tukienda harusini, anahesabu mapaa kwanza ndipo aingie."

Sasa habari yangu. Jumamosi, siku mbili baada ya kututoka, mliiona wenyewe ile mvua. Leo asubuhi nimekwenda pale. Nimepima kwa mkono alama ya matope. Makaravati yote matatu, maji yalibakiza shubiri moja kufika juu. Shubiri moja! Nikaingia wodini. Sakafu kavu. Mkunga akaniambia: "Siku ile tulizalisha watoto wanne. Kelele za maji tulizisikia. Maji yenyewe hatukuyaona."

Kwa mume, kwa dada, kwa wahandisi wenzake: poleni sana. Machozi ni yenu, lakini fahari hii tupeni na sisi kipande.

Na sisi tuliobaki, tujiulize. Shimo limeshachimbwa, saini yako iko chini, hakuna anayejua. Ungeenda kugonga mlango ule?

Daftari lile analo dada yake. Kila paa ni kijistari kimoja cha kalamu, ukurasa baada ya ukurasa. Wewe unayenisikiliza huko kilimani, hebu toka nje uangalie juu. Paa lako nalo limo humo.