Chupa ya Mwisho ya Mama Mkwe

STAMENA: Haloo? Nani mwenzangu?

ROSANDA: Wifi, ni mimi, Rosanda. Kaka zako wanauana huku!

STAMENA: Wanau— Mtandao mbovu. Kina nani?

ROSANDA: Vukasin na Dobrivoje! Tumetoka makaburini, kumbukumbu ya nusu mwaka tangu mama afe. Nikaweka mezani ile chupa ya mwisho ya rojo la ajvar—

STAMENA: Ile aliyoacha mama?

ROSANDA: Hiyo hiyo. Mume wangu kaonja, katema. Eti tamu mno, mama alipenda kali kama yeye. Dobrivoje, mpenda tamu, akamcheka: "Basi alinipikia mimi. Mtoto wake nilikuwa mimi."

STAMENA: Jamani, kwa pilipili hoho za kuchoma?

ROSANDA: Kiti kimevunjikia usoni kwa Dobrivoje. Meno mawili yako kwenye sahani yangu, wifi!

STAMENA: Mungu wangu! Watenganishe!

ROSANDA: Kwa mikono ipi? Nimejifungia jikoni— (kishindo) Umesikia? Vukasin kachukua shoka la kuni.

STAMENA: Niko mjini Niš mimi, nitafika saa ngapi! Waambie chochote! Waambie mama aliwapenda sawa—

ROSANDA: Wifi. Ile ajvar si ya mama.

STAMENA: Unasemaje? Unakatika!

ROSANDA: Tangu kiharusi kimguse, ulimi wake haukujua chumvi wala sukari. Miaka mitatu nachoma mimi, namenya mimi, nakoroga mimi. Akaniapisha nisiseme.

STAMENA: Wewe? Mbona sisi tulikuwa tunasema mkono wako—

ROSANDA: Hauna ladha. Nakumbuka. Mnasema huku mnalamba vidole.

STAMENA: Na ule utamu?

ROSANDA: Chupa hii ya mwisho niliitia ninavyopenda mimi. Basi. Nani aliwahi kuniuliza napenda nini?

STAMENA: Nenda kawaambie! Kimbia, atamkata mwenzake!

ROSANDA: Nafungua mlango. (kwa sauti) Acheni! Acheni, wanaharamu nyie! Nimeipika mimi! Mama hakutia hata chumvi! Ni ladha yangu mimi!

STAMENA: Haloo? ...Mbona kimya? Wameacha?

ROSANDA: Wameacha.

STAMENA: Ashukuriwe Mungu!

ROSANDA: Wananitazama mimi. Wote wawili.

STAMENA: Na shoka?

ROSANDA: Bado analo. Wifi, anakuja huk— salio langu lina—

STAMENA: Rosanda? Toka nje! Rosanda!